Upepo Ulipogeuka Bondeni Shimba

Mjomba wangu hupima upepo kwa masikio. Halowishi kidole kama wafanyavyo watoto, wala hatazami bendera za mashua. Hugeuza uso polepole, kushoto kisha kulia, mpaka asikie mvumo ulio sawasawa katika masikio yote mawili, na hapo pua yake huwa imeelekea kule upepo unakotoka. Alijifunza hivyo ujanani, akiwa baharia wa majahazi yaliyoleta boriti kutoka Lamu, nami nilijifunza kwake nikiwa na miaka minane, juu ya ukuta wa bahari karibu na Bandari ya Kale. Nalijua kusi, naijua kaskazi, naujua na umande wa alfajiri unaoteremka kutoka bara. Ninayataja haya mapema ili msomaji apime mwenyewe ukubwa wa uzembe wangu wa mwezi wa Julai, siku niliyokutana na ndovu msituni ana kwa ana, kwa umbali usiozidi hatua 30, nami upepo sikuukumbuka hata kidogo.

Nimesema ndovu kwa makusudi. Vitabu vya shule vinasema tembo, na sina ugomvi navyo, lakini kwa wazee wa Mvita tembo ni kile kinachogemwa mnazini, na ukimwambia mtu mzima kwamba umekutana na tembo Kwale atakuuliza ulikunywa kata ngapi. Nimeshaulizwa hivyo mara nyingi, na kicheko chake kimenichosha.

Safari yenyewe ilianzia katika chumba cha daktari. Kwa miaka 19 nimeketi mbele ya meza nikiandika hesabu za ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kazi ambayo haihitaji mwili zaidi ya macho na vidole, na presha ilipopanda mara tatu mfululizo daktari aliniambia kwa upole kwamba dawa atanipa, lakini miguu ni yangu. Nikaanza kutembea alfajiri pale Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, chini ya mibuyu, pamoja na majirani wawili. Baada ya miezi minne tulikuwa watu tisa, akiwemo mjomba, mwenye miaka 68, ambaye hajawahi kuambiwa na daktari yeyote apunguze chochote. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kwenda Shimba, hifadhi ya vilima na msitu huko Kwale. Alisema kando ya bahari kila mtu ni hodari kwa kuwa njia ni tambarare, na kwamba anayetaka kujua kama mapafu yake yamepona apande kilima.

Tulichagua kipupwe, yaani ile miezi ya Juni, Julai na Agosti ambapo kusi limekwisha kukomaa na jua limepunguza makali. Najua kwamba baridi ya Mombasa ni baridi ya kuchekesha. Mchana joto halishuki sana chini ya nyuzi 27, usiku likikaribia nyuzi 20 tunatoa masweta sandukuni, na binamu yangu aliyehamia Kanada, ambaye kila asubuhi ya Januari hukwangua barafu kwenye kioo cha gari, hutuona kama watu wenye maigizo. Lakini kipupwe cha mjini si kipupwe cha vilimani. Kusi huja limebeba unyevu wa bahari nzima; likikutana na vilima vya Shimba, ambavyo vimeinuka mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, na ikipoa hugeuka kuwa ukungu unaoning'inia mitini mpaka saa nne ya asubuhi. Ndiyo maana kuna msitu mnene pale juu, na ndiyo maana maji ya chemchemi ya Marere yametoka kwenye vilima hivyo kuja kwenye mifereji ya Mombasa tangu enzi za babu zetu. Nimeyanywa maji ya Shimba maisha yangu yote bila ya kwenda kuona yanakotoka.

Tulivuka Likoni kwa feri ya saa kumi na moja na nusu, giza lingalipo, tukapanda matatu ya Kwale. Ukifika Kombani barabara huacha pwani na kuanza kupanda, na kuanzia hapo kila kona ilikuwa na baridi yake. Kwale mjini tulikodi gari la kutufikisha kwenye lango la hifadhi, tukalipa kwa simu, tukangojea askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wa kutusindikiza, kwa sababu matembezi ya kuteremka kwenye Maporomoko ya Sheldrick hayafanywi bila askari mwenye bunduki. Baadhi yetu tuliichukulia bunduki ile kama mapambo.

Kabla ya matembezi gari lilitupitisha kwenye uwanda wa nyasi, na hapo tukawaona palahala, swala wakubwa. Walikuwa wanane, majike ya rangi ya udongo na dume mmoja mweusi aliyeng'aa kwa umande, pembe zake zimepinda kwenda nyuma kama majambia mawili. Dereva akasema kwamba Kenya nzima palahala wa porini wako hapa tu. Tukapiga picha, tukaridhika, na nadhani kuridhika kule kulinidanganya: nilikwisha kujiona nimemwona mnyama wa siku ile, na yaliyobaki yakawa ni mazoezi tu.

Askari wetu alikuwa kijana wa Kidigo mwenye sauti ya chini, aliyeniita mama na kumwita mjomba mzee, na ambaye kiunoni alikuwa amefunga kifuko cha kitambaa chembamba kilichojaa jivu. Kila baada ya mwendo mfupi alikipiga kwa kidole, jivu likatoka kama pumzi, naye akalitazama linakokwenda. Mjomba alikipenda kifuko kile papo hapo. Waliongea juu yake kama mafundi wawili wenye zana moja, na tulipokuwa bado tumesimama pale juu, mahali panapoitwa Elephant Hill, askari akatupa masharti. Tutembee msururu, mtu nyuma ya mtu. Asitoke mtu njiani hata kwa haja ndogo bila ya kumwambia. Tukikutana na ndovu, asikimbie mtu. Kisha akasema, akinitazama mimi, au labda ni mimi niliyehisi hivyo: "Na aliyechoka aseme. Tutapumzika, hakuna anayetufukuza."

Tuliteremka kama kilomita mbili, njia ikiwa ya utelezi, mizizi imetandaa kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi. Njiani askari alituonyesha kinyesi cha ndovu, mabonge makubwa kama madafu, yenye nyuzi za majani na mbegu nzima ambazo hazikusagika. Alizamisha kidole katika bonge moja, akatulia, akasema ni la jana usiku. Mmoja wetu aliona kinyaa na sote tukacheka. Maporomoko yenyewe ni maji yanayoanguka mita 21 kwenye kidimbwi chenye kivuli, na baridi yake ilikuwa ya kweli, si ile ya maigizo. Niliingiza miguu nikahesabu mpaka 20 na kuitoa. Tulikunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, tukala mahamri na mbaazi za tangu usiku, na saa tano ikaanza safari ya kupanda.

Hapo ndipo aibu yangu ilipoingia. Nilikuwa nimewaambia wenzangu mara nyingi, kwa majivuno ya mtu aliyeanza mazoezi juzi, kwamba presha yangu imeshuka na sasa naweza kutembea mpaka Diani. Kilima kile kilinitoa uongo katika dakika kumi za kwanza. Moyo ulikuwa unapiga masikioni, magoti yanatetemeka, na vijana wawili waliokuwa mbele yangu walikuwa wakizungumza mambo ya mpira bila hata kuhema. Ningeweza kusema nimechoka. Badala yake nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na msichana aliyegeuka kunitazama nikamwambia, "Tangulia, nakuja." Kwenye kona iliyofuata nikaifunga tena. Ukungu ulikuwa umebaki bondeni, msururu ukarefuka, na nilipoinuka mara ya tatu hakuwepo mtu mbele yangu isipokuwa mjomba, ambaye alikuwa amesimama hatua 15 juu yangu akinisubiri huku akijifanya anatazama miti. Sisi ukoo wetu wote ni watu wa kujifanya.

Wakati ule mbega wakapita. Shimba wapo mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, na hawa walikuwa watano au sita, wakiruka juu ya vichwa vyetu kutoka tawi hadi tawi kama leso zinazoanuliwa haraka kabla ya mvua. Nikatoa simu. Wa mwisho alikaa kwenye tawi akanigeuzia uso, lakini jani lilimziba, nami nikatoka njiani ili nimpate vizuri. Hatua tano, kisha kumi, kisha nyingine ambazo sikuzihesabu, macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Sikumwambia mtu. Mjomba alipoona nimepotelea kwenye majani akaanza kunifuata kimya.

Kwanza nilisikia sauti, na sauti yenyewe sikuisikia kwa masikio. Anayevuka Likoni kila siku anaijua ile mitetemo ya injini ya feri inayopanda kutoka kwenye sakafu ya chuma kupitia nyayo kabla masikio hayajapambanua kitu. Ilikuwa ni hiyo. Nikashusha simu nikifikiri, katika ujinga wa mtu wa mjini, kwamba kuna trekta mahali. Mbele yangu, nyuma ya vichaka, palikuwa na ukuta wa rangi ya jivu wenye tope lililokauka na kupasuka kama sakafu ya bwawa wakati wa kiangazi. Ukuta ule ukapumua. Kisha nikaona sikio, ukingo wake umechanika vipande vipande kama tanga kuukuu, likipepea taratibu, na chini yake jicho dogo la kahawia lenye kope ndefu mno, ndefu kuliko nilivyopata kuona kwa kiumbe yeyote. Alikuwa akila. Mkonga ulizungushwa kwenye tawi, ukavuta, majani yakaingia kinywani pamoja na kijiti, na kijiti kikavunjika kwa mlio ambao hadi leo nikisikia mtu anatafuna muwa najikuta nimesimama.

Hakuwa ameniona. Hilo ndilo jambo ambalo nilichelewa kulielewa: nilikuwa nimesimama hatua 30 kutoka kwa mnyama mzito kuliko gari, naye hakujua kama nipo, kwa sababu hewa ilikuwa ikitoka kwake kuja kwangu. Niliinusa harufu yake, harufu ya zizi na majani yaliyochachuka, na mtoto wa miaka minane juu ya ukuta wa bahari angeniambia maana yake. Mimi wa miaka 46 sikuwaza. Nikainua simu.

Upepo ukageuka. Bondeni kusi haliendi moja kwa moja kama baharini. Hugonga ukingo, huzunguka, hulala, kisha huamka likitokea upande mwingine. Nilihisi baridi ya ghafla kwenye kisogo, jasho lilipokuwa limelowesha mtandio. Sikio likaacha kupepea. Mkonga ukatua, ukainuka, ncha yake ikageukia upande wangu na kusimama hewani imepinda kama shingo ya bata, na wakati huohuo, kutoka chini ya tumbo lake, kikatokea kichwa kidogo chenye nywele zilizosimama. Alikuwa na mtoto.

Sijui ilichukua muda gani. Aligeuka akanielekea kwa mwili wote, akainua kichwa, akatanua masikio, na upana wake ukawa maradufu. Akatikisa kichwa mpaka masikio yakapiga mabega kwa kishindo cha zulia linalokung'utwa, akapiga ukelele ambao sikuujua kuwa unaweza kutoka kwa kitu chenye uhai, na akaja. Hatua tatu, labda nne. Miguu yangu ilikwisha kukata shauri la kukimbia bila ya kuniuliza. Kilichoizuia ni mkono. Mjomba alikuwa amenifikia, ameushika mkanda wa mkoba wangu kwa nyuma kama ashikavyo mtu kamba ya nanga, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Mwanangu, usikimbie. Usimpe mgongo. Njoo nami nyuma, polepole. Tunakwenda demani yake."

Upande wa demani, kwa wasiokuwa watu wa tanga, ni ule upepo unakokwenda, kinyume na goshini unakotoka. Nililielewa neno lile mara moja, kwa kuwa ni neno la nyumbani, na nadhani kulielewa kwangu ndiko kulikonirudishia akili. Tukarudi kinyumenyume na kwa upande, hatua moja, tukasimama, hatua nyingine, yeye akipapasa njia kwa kisigino. Ndovu alikuwa amesimama. Akapiga vumbi kwa mguu, akaushusha mkonga, akautupa mbele kama anayetaka kutupiga na maji. Ghafla askari alikuwa kando yetu. Hakukimbia, na bunduki ilikuwa mkononi lakini mdomo wake ulielekea chini. Akapiga kifuko cha jivu mara moja. Jivu likatupita usoni. Akamtazama mjomba, akatikisa kichwa kukubali, akatuelekeza kwa kidole upande uleule ambao mjomba alikuwa amekwisha kuuchagua.

Tulipofika nyuma ya mti mkubwa tuliuegemea. Ndovu alisimama palepale muda mrefu, mkonga ukiitafuta harufu ambayo sasa ilikuwa haimfikii, kisha akageuka, akamsukuma mtoto kwa mguu wa nyuma, na wote wawili wakaingia msituni. Jambo lililonishangaza kuliko ukelele ni ukimya wao wa kuondoka. Hakuna jani lililolia. Askari alieleza baadaye kwamba chini ya kisigino cha ndovu kuna mto wa mafuta na nyama laini unaomeza kishindo, ndiyo sababu hukusikia akija na hutamsikia akienda.

Nililia, lakini si pale. Nililia tulipowafikia wenzetu na yule msichana niliyemdanganya kuhusu kamba ya kiatu akaniletea maji. Askari hakunigombeza. Aliniuliza tu, akinusa hewa kama mtu mwenye haya, "Mama, umejifukiza?" Nilikuwa nimejifukiza. Usiku wa kuamkia safari nilitundika nguo zangu zote juu ya chetezo, baibui, mtandio, hata soksi, kwa sababu sijui kutoka nyumbani bila ya udi, na askari akasema kwamba kwa ndovu mimi nilikuwa kama mtu aliyeingia msikitini anapiga tarumbeta. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu waliohesabu jeni za kunusa za wanyama mbalimbali wamekuta ndovu wa Afrika ana karibu 2,000, zaidi ya maradufu ya mbwa. Macho yake ni hafifu. Yule mama hakumwona mtu mwenye simu; alisikia harufu ngeni, kali, imemjia ghafla karibu na mtoto aliyembeba tumboni kwa miezi 22.

Jambo jingine nililoelezwa, nikiwa nimekaa juu ya gogo na miguu haitaki kusimama, ni namna ya kusoma masikio. Ndovu anayetanua masikio, akatikisa kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anakupa onyo na nafasi ya kuondoka. Anayeyalaza masikio nyuma, akaukunja mkonga chini ya kidevu na kuja kimya, huyo hana onyo tena. "Mara nyingi," alirudia askari, "si siku zote." Na katika hali zote mbili kukimbia hakusaidii, kwa kuwa msituni hakuna mtu wa kawaida anayemshinda ndovu kwa mbio. Nilimwuliza kama angefyatua. Alinyamaza, kisha akasema kwamba ndovu mwenye mtoto akipigwa risasi kwa ajili ya picha ya mbega, atakayebeba dhambi hiyo si yeye. Hakukusudia kuniumiza. Aliumiza, na nadhani alikuwa na haki.

Tuliposhuka Kwale mjini kungojea matatu, tuliketi kwa mama mmoja anayeuza viazi karai kando ya barabara. Wenzangu walikuwa wakimsimulia kwa furaha, kila mmoja akiongeza lake, na mimi nikawa shujaa wa mkasa ambao niliusababisha mwenyewe. Mama yule alisikiliza, akageuza viazi, akauliza huyo ndovu alikuwa upande gani wa hifadhi. Tulipomwambia, akasema kwamba yeye ana shamba la mahindi na mihogo karibu na uzio, na kwamba miaka ya nyuma, kabla ya uzio kuimarishwa, mwaka mmoja walivuna magunia na mwaka mwingine wakavuna nyayo. "Nyinyi mmelipa kumwona," alisema, "sisi tulilipa akija yeye kutuona." Hakusema kwa chuki. Alikumbuka mwaka wa 2005, serikali ilipowahamisha ndovu 150 kwa malori kutoka Shimba na Mwaluganje kupeleka Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi, na akasema siku zile watu walisimama barabarani kuwatazama wakipita, wengine wakiwapungia mikono ndovu haohao waliokuwa wakiwafukuza usiku kwa madebe na mienge. Nilikwenda Shimba nikijua majina ya wanyama tu. Habari ya mashamba yanayopakana na msitu ule sikuwa nimeifikiria kabisa.

Kwenye feri ya jioni kusi lilikuwa kali, maji ya Kilindini yamechafuka na kuwa na vichwa vyeupe. Mjomba hakuzungumza mpaka tulipofika katikati. Nilimwuliza alijuaje la kufanya, naye hajawahi kumkaribia ndovu maishani mwake. Akasema hakujua lolote kuhusu ndovu. Alijua tu kwamba nilisimama goshini kwake na kwamba kila kitu kilicho goshini hunukia, hata jahazi lililobeba papa wakavu huwafikia watu wa bandarini saa nzima kabla halijaonekana. "Basi nikakutoa goshini," alisema, na akaendelea kutafuna karanga zake.

Usiku ule barazani ndovu alikuwa na mita tatu. Kufikia Ijumaa alikuwa na mita tano na pembe zinazofika chini, na mjomba alikuwa amemzuia kwa kumtazama. Sikumsahihisha. Picha ninayo: nusu yake ni majani, nusu ni kitu cha kijivu kisicho na umbo, na pembeni ukingo wa sikio lililochanika. Mbega hayumo.

Tulirudi mwisho wa Agosti. Safari ile nguo nilizifua kwa sabuni ya mche isiyo na harufu, nikazianika juani siku mbili, na chetezo nikakiacha kabatini, jambo lililomfanya dada yangu aulize kama nimefiwa. Pale Elephant Hill, askari yuleyule alipomaliza masharti yake, nilinyoosha mkono mbele ya watu wote nikasema kwamba mimi kupanda napanda polepole na nitaomba kupumzika, pengine mara tano. Akanitoa nyuma, akaniweka wa pili, mara tu baada yake, ili msururu mzima utembee kwa mwendo wangu. Tulipumzika mara saba. Vijana wa mpira walishukuru kwa kunong'ona mara ya nne.

Ndovu hatukuwaona. Tulikuta mabonge ya kinyesi njiani, pembeni ya kona ileile, na askari alipozamisha kidole akakitoa haraka, akanyanyua mkono tusimame. Yalikuwa na joto. Akafungua kifuko cha jivu kiunoni, akasita, akamgeukia mjomba na kumkabidhi. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili. Aligeuza uso kwanza, kushoto, kisha kulia, macho ameyafumba, sote tisa tumeshika pumzi nyuma yake, na alipokwisha kuridhika na masikio yake ndipo akakipiga kwa kidole. Jivu likatoka, likaelea kidogo mbele ya kifua chake, na likaanza kwenda taratibu kuelekea tulikotoka.